Nani Alipumzika Mikindani

Siku ya kumi na mbili ya safari yetu hatukwenda popote. Tulikuwa Msimbati, kusini mwa mji wa Mtwara, mahema matatu chini ya mivinje, na mbele yetu ule mchanga mgumu ambao gari hupita kando ya maji kana kwamba ni barabara. Tulikuwa tumetoka Dar es Salaam tukalala Kilwa Masoko, Lindi, na sehemu nyingine ambazo afadhali nisizitaje kwa sababu hatukumwomba mtu ruhusa. Mbele kulikuwa na Masasi, Tunduru na Songea. Lakini siku ile tulikubaliana kwamba hakuna kung'oa hema wala kuwasha gari. Ni kulala, kuogelea na kula samaki.

Asubuhi alipita mzee mmoja na wavu begani. Tukamwamkia.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, wajukuu zangu. Gari limewaharibikia?"

"Hapana, babu. Leo tumepumzika."

Akalitazama gari, akayatazama mahema, kisha akatutazama sisi tuliokuwa tumejinyoosha kwenye mikeka saa tatu ya asubuhi. "Mmepumzika na kazi gani?" akauliza kwa upole kabisa, halafu akaendelea na njia yake.

Tulicheka. Mimi nikarudi kwenye simu yangu, ambako nilikuwa nasoma shajara za mwisho za David Livingstone, zile zilizohaririwa na Horace Waller na kuchapwa London mwaka 1874 katika majuzuu mawili. Nilizibeba kwa ajili ya tasnifu yangu, ambayo inahusu misafara iliyotoka pwani hii ya kusini kwenda Ziwa Nyasa. Mtu anaweza kusoma kitabu hicho miaka miwili katika maktaba bila kuhisi chochote. Nikiwa Msimbati, huku mlango wa Ruvuma ukiwa kusini yetu kidogo, ng'ambo ya rasi na mikoko, niligundua kwamba kurasa za mwanzo kabisa zinahusu jambo tulilokuwa tukilifanya siku ile. Zinahusu watu waliopiga kambi pwani ya Mtwara, na mkubwa wao anayeandika kuhusu raha ya kupumzika.

Alifika hapa Machi 1866. Haikuwa mara yake ya kwanza. Mwaka 1861 aliujaribu mto huu kwa meli ya Pioneer, na mwaka 1862 akarudi na mashua, akapanda mpaka miamba ilipomzuia. Safari hii alikuwa na mpango wa kwenda kwa miguu. Aliondoka Unguja tarehe 19 Machi katika manowari ya Kiingereza iitwayo Penguin, na pamoja nayo jahazi lililobeba wanyama. Wanyama wenyewe walikuwa ngamia 6, nyati 3 wa kufugwa kutoka India na ndama mmoja, nyumbu 2 (wale wa kubeba mizigo, si wa Serengeti) na punda 4. Alitaka kuona kama ngamia na nyati wangeweza kustahimili mbung'o, maana farasi na ng'ombe walikuwa wakifa. Kwa hiyo msafara ule ulikuwa pia jaribio la kisayansi lenye kwato.

Tarehe 22 walifika kwenye mlango wa mto. Tarehe 23 Livingstone akaenda kukagua ukingo wa kushoto, yaani huu wa upande wetu, akakuta mikoko na tope. Mtu anaweza kuvuka tope la mikoko akipandisha suruali. Ngamia hawezi. Usiku akawaza, na alfajiri ya tarehe 24 akakubaliana na Luteni Garforth, mkuu wa manowari, kwamba waende Kilwa. Basi akaenda kumwambia nahodha wa jahazi. Nahodha akapinga kwa sauti kubwa. Kwa nini Kilwa, na Mikindani iko hapo jirani, maili 25 tu kaskazini, bandari bora na yenye njia ya kwenda Nyasa? Livingstone akamsikiliza. Jioni ile ile wanyama wakashushwa Mikindani, na Penguin ikang'oa nanga.

Ningependa kukaa hapa kidogo kwa sababu ya huyo nahodha. Safari mashuhuri kuliko zote za Livingstone, ile iliyoishia na kifo chake Chitambo mwaka 1873, ilianzia Mikindani kwa sababu mtu wa majahazi alikataa kupeleka ngamia Kilwa. Katika ukurasa huo hana jina. Ni nahodha tu.

Jumapili tarehe 25 Livingstone akapanga nyumba kwa riale 4 kwa mwezi, na mizigo yote ikashushwa. Nilihesabu siku kwenye kalenda ya simu ili kuhakikisha: ndiyo, ilikuwa Jumapili, na si Jumapili yoyote bali ile ya Matawi. Livingstone alikuwa mtu wa kuiheshimu Jumapili, akaisomea ibada hata porini. Ila siku hiyo kulikuwa na jahazi linalosubiri kutupu, na shajara inaorodhesha nyumba, mizigo na kina cha maji ya mlango wa bandari.

Kisha inakuja Jumatatu, tarehe 26. Hapo anaandika aya ambazo wasomaji wake wengi huzikumbuka. Anasema kwamba sasa, akiwa karibu kuanza safari mpya ndani ya Afrika, moyo wake umechangamka. Anasifu furaha ya mwili tu, kama ya mnyama, ambayo mtu huipata kwa kusafiri katika nchi asiyoijua. Misuli inakaza, damu inakwenda, akili inakuwa nyepesi. Na anamalizia kwa kusema kwamba hakuna awezaye kuujua utamu wa mapumziko ila yule aliyekwisha kujichosha kweli kweli.

Nilisoma aya hizo kwa sauti. Mmoja wetu akasema, "Basi huyo ndiye yule babu wa asubuhi." Na ni kweli, yule mzee wa wavu alitueleza jambo hilo hilo kwa maneno manne.

Lakini nilipozirudia mara ya pili nikaanza kuhesabu. Tarehe 26 Machi 1866 Livingstone alikuwa hajatembea hatua moja ya safari hiyo. Alikuwa amefika kwa manowari. Uchovu aliouzungumzia ulikuwa wa kumbukumbu, wa safari za nyuma, na raha aliyoisifu ilikuwa ya mtu aliyekaa kwenye nyumba ya kupanga akiwa na kalamu. Simlaumu kwa hilo. Kuandika ni kazi, na mimi mwenyewe naitegemea kazi yake. Nilichotaka kujua ni wenzake walikuwa wakifanya nini wakati wino unakauka.

Walikuwa watu 36. Idadi anaitoa yeye mwenyewe: askari 13 wa Kihindi, watu 10 wa Anzuani, vijana 9 wa Nasik, watu 2 wa Shupanga kutoka Zambezi, na Wayao 2, Wikatani na Chuma. Vijana wa Nasik walikuwa Waafrika waliokombolewa kutoka katika majahazi ya watumwa wakasomeshwa katika misheni karibu na Bombay. Mmoja wa wale wawili wa Shupanga ni Susi, ambaye jina lake baadaye lilikuja kuandikwa pamoja na la Chuma kana kwamba ni jina la mtu mmoja.

Wanyama 16 waliotoka baharini wanahitaji maji, majani, na mtu wa kuwalinda usiku. Ngamia anahitaji tandiko, na tandiko la ngamia haliuzwi katika mji ambao haujapata kuona ngamia wengi. Mizigo iliyopangwa kwa ajili ya jahazi haikai mgongoni mwa nyumbu mpaka ifunguliwe na kufungwa upya. Ni masika, kwa hiyo chochote kinachoogopa maji lazima kifunikwe. Yeyote aliyewahi kuwa na msafara, hata wa gari moja bovu kama letu, anajua kwamba siku ya kusimama ndiyo siku ambayo kazi zote zilizoahirishwa njiani hukusanyika na kudai haki yao.

Nikainua macho kutoka kwenye simu. Dereva wetu, ambaye ndiye pekee kati yetu anayeijua gari, alikuwa chini yake tangu saa mbili. Alikuwa ametoa kisafisha hewa akakipigapiga kwenye gurudumu, na mchanga uliotoka ungejaza kikombe. Kisha alikagua springi, akabadilisha tairi moja, akafua nguo zake. Kijana mmoja wa pale alikuwa ametuletea maji kwenye madumu manne kwa baiskeli, na kuni, na akarudi mara ya pili kwa sababu ya kwanza tuliyamaliza kwa kunawa miguu. Nilifungua daftari langu la safari. Kulikuwa na bei ya madumu, bei ya changu wawili, saa ya maji kupwa, na sentensi mbili za kujivunia kuhusu ukimya wa asubuhi. Jina la kijana sikuandika. Sikuwa nimemuuliza.

Nilimwuliza jioni. Jina lake si la kuandikwa hapa, lakini sasa liko kwenye daftari.

Turudi Mikindani. Mji huo mwaka 1866 ndio uliokuwa mji. Mtwara ya leo, yenye barabara pana na bandari yenye kina, ni ya miaka ya 1940 na 1950. Ilijengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza, ambao ulikufa kabla barabara hazijazoeleka, na reli yake ya Nachingwea ikang'olewa mapema miaka ya 1960. Mikindani ni ya zamani zaidi. Ina ghuba ya ndani iliyofungwa kama mfuko, na mlango mwembamba wa matumbawe pande zote mbili. Wakati Livingstone anafika palikuwa na Waarabu, Wahindi wafanyabiashara na Waswahili, palikuwa na jemadari wa Sultani Majid, na palikuwa na biashara ya sandarusi, pembe na watu. Misafara ya Wayao ilishuka kutoka upande wa Ziwa Nyasa kuja bandari hizi za kusini, Kilwa, Lindi na Mikindani, na wengi waliokuja nayo hawakurudi bara. Biashara hiyo bado ilikuwa halali ndani ya himaya ya Sultani. Mkataba wa kuifunga baharini ulitiwa saini mwaka 1873.

Sasa mfikirie Chuma. Ni kijana Myao. Mwaka 1861 alikuwa mmoja wa watoto waliokombolewa katika nyanda za Shire, wakachukuliwa na misheni ya Magomero. Mwaka 1864 Livingstone alivuka bahari kwa meli ndogo ya Lady Nyassa kutoka Unguja hadi Bombay, na Chuma na Wikatani walikuwa ndani yake. Walisomeshwa huko, wakabatizwa mwishoni mwa 1865. Miezi michache baadaye yuko Mikindani, katika moja ya miji ambayo watu wa kwao walikuwa wakifikishwa ili kuuzwa. Usiku analala ndani ya nyumba ya kupanga au nje kando ya mizigo. Mchana anachota maji katika visima vile vile.

Alijisikiaje? Shajara haisemi. Livingstone alimpenda Chuma kwa namna yake, na alimwandika mara nyingi, lakini tarehe 26 Machi aliandika kuhusu misuli yake mwenyewe. Nimetafuta siku hizo kumi na moja, tangu 24 Machi hadi 4 Aprili, mstari mmoja unaoeleza jinsi yule kijana alivyoitazama bandari, na ninakiri kwamba sababu ya kutafuta haikuwa tasnifu peke yake. Babu yangu mzaa mama alikuwa Myao wa Tunduru. Hadithi za familia huishia kwake. Kabla yake kuna neno moja tu, "pwani", likitamkwa kama jina la mtu mbaya.

Ijumaa ya tarehe 30 Machi ilikuwa siku ya sala msikitini kwa wenyeji na pia Ijumaa Kuu kwa Livingstone. Jumapili tarehe 1 Aprili ilikuwa Pasaka. Ungedhani katika wiki kama hiyo kila mtu angepata siku yake moja. Huenda walipata. Kilicho wazi ni kwamba Jumatano tarehe 4, msafara ulipokuwa tayari kuondoka upande wa Pemba, ng'ambo ya ghuba, nyati mmoja alimchoma punda kwa pembe vibaya hata ikabidi punda apigwe risasi. Wakamkata nyati ncha za pembe baada ya tukio, na Livingstone mwenyewe akalifanyia mzaha jambo hilo. Kisha ngamia wakazama. Kulikuwa na uwanda mkavu juu na maji chini, ukoko wa udongo ukapasuka, wakaingia mpaka tumboni, na watu wakawavuta nje mmoja mmoja.

Siku hiyo ilimalizikia kwa jemadari, katika nyumba ya matumbawe na chokaa. Livingstone alipewa kibanda kinachovuja. Baada ya usiku mmoja wa mvua na upepo aliomba alale kwenye ukumbi wa jemadari, ambako askari wengi wa Kihindi walikuwa tayari wamelala. Jemadari akakubali, halafu akakataa, halafu akashikwa na hofu, akakusanya watu wake wapatao kumi na watano wenye bunduki akitishia kuua, halafu akarudi kupeana mikono. Ni kisa cha kuchekesha, na Livingstone anakisimulia hivyo. Mimi nilichokiona ni kwamba usiku ule askari walikuwa pakavu na bwana wao alikuwa analowa.

Tangu hapo shajara inabadilika sauti. Juu ya nyanda za Wamakonde kuna vichaka vizito, na njia iliyotosha kupitisha mtu na mzigo kichwani haikutosha kupitisha ngamia mwenye mizigo pande mbili. Ikabidi kuajiri Wamakonde wafyeke, na Livingstone anawasifu kwa ustadi wao wa kukata miti. Wakati huo huo anaanza kulalamika kuhusu askari. Wanabaki nyuma. Wanalala njiani. Wanawapiga ngamia, wanawaonea nyati, wanawashawishi vijana wa Nasik wagome. Kila anapogeuka kuna mtu amekaa chini ya mti. Wiki tatu tu baada ya kuusifu utamu wa mapumziko, anaandika kuhusu mapumziko ya wengine kama wizi.

Inawezekana kabisa kwamba askari wale walikuwa watu wakatili kwa wanyama. Ushahidi wa shajara ni mwingi na vidonda vya ngamia vilionekana na kila mtu. Wanyama walikufa mmoja baada ya mwingine katika miezi michache, na mpaka leo haiwezekani kusema kama ni mbung'o au ni fimbo iliyowaua, kwa hiyo jaribio lenyewe liliharibika. Lakini kuna jambo ambalo wanahistoria wa misafara wamelionyesha vizuri kwa upande wa njia ya kati, ile ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji. Wapagazi walikuwa na desturi zao za lini msafara usimame, kwa muda gani, na kwa posho gani, na kiongozi aliyezipuuza alijikuta asubuhi na mizigo bila watu. Kusimama kilikuwa kitu cha kujadiliana. Msafara wa Mikindani wa 1866 haukuwa na desturi hiyo, kwa sababu ulikusanywa kutoka Bombay, Anzuani, Nasik na Zambezi, na watu wake hawakuwahi kusafiri pamoja. Hakukuwa na lugha ya pamoja ya kusema "leo tusimame". Waliokuwa wamechoka walikaa tu.

Mwezi Julai askari wakarudishwa pwani. Septemba watu wa Anzuani wakaondoka wenyewe, wakafika Unguja na habari ya uongo kwamba Livingstone ameuawa, na Waingereza wakatuma watu mwaka 1867 kwenda kuhakikisha. Wikatani akabaki karibu na Ziwa Nyasa, akisema amewapata ndugu zake. Waller anaandika kwamba waliokabidhi mwili wa Livingstone pwani mwaka 1874, kati ya wote walioanza naye, walikuwa watano tu. Chuma alikuwa mmojawapo.

Mwaka huo huo Chuma na Susi walipelekwa Uingereza, wakakaa na Waller, wakamsaidia kuelewa shajara, hasa miezi ya mwisho na jinsi mwili ulivyokaushwa na kubebwa hadi Bagamoyo. Ndiyo maana sehemu za mwisho za kitabu hicho zina uhai ambao sehemu za mwanzo hazina. Kuna mtu aliyekuwapo anayejibu maswali. Kwa Mikindani hakuna jibu la namna hiyo. Naona wazi kilichotokea: msomaji wa London wa 1874 alitaka kujua shujaa alikufaje, na hakuna aliyetaka kujua wiki ya matandiko na madumu ya maji.

Tulifika Mikindani kesho yake, tukiwa njiani kwenda Masasi. Ni kilomita kama kumi kutoka Mtwara mjini. Boma la Wajerumani la mwaka 1895 liko juu kwenye mteremko, jeupe, na sasa ni hoteli. Chini kuna nyumba za matumbawe, nyingi zimebomoka, na jengo linaloitwa soko la zamani la watumwa. Nyumba moja ina kibao cha Livingstone. Wenyeji wenyewe watakuambia kwamba huenda siyo nyumba ile hasa, ila kibao lazima kikae mahali. Nilipiga picha, kisha nikaona haya kidogo, nikapiga picha ya kisima pia.

Nilikaa ukingoni mwa ghuba nikamweleza dereva habari za mwaka 1881, kwa kuwa ndizo zilizokuwa zimenikaa kichwani usiku kucha. Sultani Barghash alikuwa na meli za moshi na alitaka makaa ya mawe yake mwenyewe. Livingstone alikuwa ametaja makaa katika bonde la Ruvuma. Sultani akamwajiri Joseph Thomson, Mskoti kijana wa jiolojia, aende akaangalie. Thomson alianzia safari hapa hapa Mikindani, na msimamizi mkuu wa msafara wake alikuwa Chuma.

Hakuwa kijana wa kuchota maji tena. Katika miaka ya 1870 alikuwa ameongoza misafara ya misheni ya UMCA kutoka Lindi kwenda bara. Mwaka 1879 alikuwa msimamizi wa msafara wa Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London. Mkuu wa msafara huo, Keith Johnston, alipokufa Behobeho, Thomson alibaki na umri wa miaka ishirini na moja na watu zaidi ya mia moja, naye alieleza waziwazi jinsi alivyomtegemea Chuma. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyechagua wapagazi, akasikiliza malalamiko yao jioni, akampelekea Mzungu matokeo. Waliokuwa pamoja ni watu wa pwani waliojua kazi, wenye desturi moja na lugha moja. Kama kuna siku walisimama Mikindani kufunga mizigo mwaka 1881, neno la kusimama lilipita kwake.

"Na makaa?" dereva akauliza.

Hayakuwa makaa. Thomson alikuta mwamba mweusi usiofaa kuwashwa kwenye meli, akarudi kumwambia Sultani, na Sultani alikasirika kana kwamba Thomson ndiye aliyeyaondoa. Chuma alikufa Unguja mwaka uliofuata, 1882, kwa ugonjwa wa kifua. Hakuwa mzee.

Dereva alinyamaza kidogo. Ilikuwa saa nne asubuhi, na mpango wetu, ulioandikwa na mimi kwa mkono wangu kabla hatujatoka Dar, ulisema kwamba saa nne tuwe tumeshapita Newala. Akafungua mlango wa nyuma, akatoa mkeka, akautandika kivulini mwa ukuta uliobomoka.

"Jana mlipumzika ninyi," akasema. "Leo ni zamu yangu." Akajifunika uso na kofia.

Tukakaa. Mmoja akaenda kutafuta maandazi, mwingine akaangalia maji yakipwa katika ghuba. Tuliondoka Mikindani saa nane mchana.